Mama ana kiharusi, mtaalamu anamchambulisha mchele: hiyo nayo ni tiba?

"Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Tanga. Miezi miwili iliyopita alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Hospitali walimtibu, presha ikashuka, tukaruhusiwa. Sasa anakaa mwenyewe, anasimama akishikwa, mkono wa kushoto unanyanyuka kidogo na vidole vimeanza kufunguka. Tukaelekezwa kijana mmoja wa tiba kwa vitendo awe anakuja nyumbani. Siku ya kwanza hakumgusa kabisa mgonjwa. Alikaa akiuliza mama alikuwa anaamka saa ngapi, anapika nini, anaoga vipi, choo kiko wapi, akapima kitanda na mlango kwa futi. Siku ya pili akamwambia avae dera mwenyewe, ikachukua karibu nusu saa, sisi tumekaa tunamtazama. Juzi kamwekea ungo wa mchele achambue. Majirani wanasema tunamtesa mgonjwa. Kaka yangu wa Dar, ambaye ndiye anayelipa, anasema hiyo si tiba, tumtafute mchuaji anayejua mishipa. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, maana mama anakula nusu sahani tu, na mchele nao aliuacha nusu. Naona kama amekata tamaa. Tuendelee na huyu kijana au tumwache?"

Marahaba, binti yangu, na poleni kwa kuuguza. Unataka kujua kama anachofanya huyo kijana wa tiba kwa vitendo, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo kupitia shughuli zake za kila siku, ni tiba kweli, na kama mchuaji angemfaa mama zaidi. Yote nitayajibu. Lakini naomba nianze na ile nusu sahani, maana nadhani hapo pana jambo ambalo nyumba nzima imelipita.

Ungesema tu kwamba mama anakula kidogo, ningekuuliza habari za meno, za dawa, za huzuni. Wewe umesema nusu, kisha ukasema nusu tena kwenye ungo. Leo jioni mpakulie wali kama kawaida, mwache ale mpaka aseme ameshiba, halafu tazama ni nusu ipi iliyobaki. Kwa ulivyoeleza, natarajia itakuwa ya kushoto. Bila kusema kitu, izungushe sahani ili kilichobaki kije kuliani kwake. Akianza kula upya, ujue hakuwa ameshiba wala hajakata tamaa. Hakujua kama chakula kipo.

Mwili unapolegea upande wa kushoto, jeraha liko upande wa kulia wa ubongo, kwa sababu neva za kuendesha viungo hupishana zikishuka. Upande huo wa kulia, mbali na kuendesha mkono na mguu wa kushoto, ndio wenye sehemu kubwa ya kazi ya kutuelekeza tuangalie wapi. Ukiumia, macho yanaweza kuwa mazima kabisa, lakini ubongo hauendi tena kutafuta kitu kushoto. Mgonjwa anafuta uso nusu. Anaingiza mkono mmoja kwenye dera, ule mwingine unaning'inia. Anagonga fremu ya mlango kwa bega. Mtu anamsalimia akiwa kushoto kwake, haitiki, na mgeni anaondoka akisema mama siku hizi ana kiburi. Kumkaripia hakusaidii, kwa kuwa yeye haoni kama kuna kinachokosekana. Kuna pia wagonjwa ambao kiharusi kimepunguza uoni wenyewe wa upande mmoja, na wengine wana yote mawili, kwa hiyo mwombeni daktari ampime macho.

Sasa rudi kwenye ungo. Huyo kijana alikuwa anapima na kutibu kwa wakati mmoja. Mchele na chuya vinatofautiana rangi, ungo una ukingo unaoonyesha wazi mwisho wake, na kazi yenyewe mama ameifanya tangu usichana wake. Mtaalamu akikaa mbele yake anaona macho yanaishia wapi, mwili umeegemea wapi, anachoka baada ya muda gani, na kama anakumbuka alichoambiwa. Ziara ijayo mwulize kama anaweza kufunga kitambaa chekundu kwenye ukingo wa kushoto. Wengi wetu hufanya hivyo, tukamfundisha mgonjwa asiguse punje mpaka macho yamefika kwenye nyekundu. Kila macho yanapokwenda huko ni zoezi. Na mkono wa kushoto ukilazwa juu ya ukingo kuzuia ungo usiteleze, hata kama haufanyi lingine, upo kazini: vidole vimefunguka, unabeba uzito kidogo, na mwenyewe anauona.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kaka yako, kwa heshima zote. Watu wengi wanaamini kuwa kiharusi kiko kwenye mishipa ya mkono, kwamba imelala au imekaza, hivyo mwenye vidole vyenye nguvu ataiamsha. Mkono wa mama haukuumia. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayoutuma mkono. Sehemu zilizobaki nzima zinaweza kujifunza kuchukua baadhi ya kazi hiyo, lakini zinajifunza kwa jambo moja tu: mgonjwa mwenyewe kukusudia kitu, kutuma amri, mkono ukajaribu, akaona matokeo, akarudia mara nyingi sana. Anapolala akichuliwa, ubongo hautumi amri yoyote. Anaponyoosha mkono kufuata kikombe cha chai anayoitaka, unatuma.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao ni vizuri mjue, maana unawahusu ninyi wa nyumbani. Mtafiti wa Marekani, Edward Taub, alionyesha kwanza kwa nyani kwamba kiungo kilichoshindwa siku za mwanzo kinaweza kuachwa kabisa hata baada ya uwezo kuanza kurudi. Mnyama alijaribu akashindwa, mkono wenye nguvu ukafanya kila kitu, akazoea. Kwa binadamu hutokea hivyohivyo, na kwetu hutokea haraka zaidi kwa sababu ya upendo: mama anataka maji, mabinti watatu wameshainuka. Kutokana na kazi hiyo ulifanyika utafiti mkubwa Marekani, matokeo yake yakatoka mwaka 2006. Wagonjwa 222 waliokuwa na miezi mitatu hadi tisa tangu kiharusi waligawanywa, kundi moja likavaa glavu kwenye mkono wenye nguvu kwa muda mwingi wa siku kwa wiki mbili, huku likifanyishwa mazoezi mengi ya mkono dhaifu. Walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilionekana bado mwaka ulipotimia. Nawasihi msiende kumfunga mama mkono wa kulia. Wale walichaguliwa, kiganja na vidole vyao vilikuwa vinafunguka kwa kiasi fulani. Mama bado anauhitaji mkono huo kujishikilia asianguke. Hilo aliamue mtaalamu.

Kwa hiyo nusu saa ya dera ilikuwa kazi halisi. Kuvaa kunamtaka mtu akae bila kuegemea, ageuke, autafute mkono uliosahaulika, apange kipi kitangulie, ajue mbele na nyuma ya nguo. Utaratibu wake ni huu: mkono wa kushoto, ule dhaifu, huingia kwanza, sehemu ya nguo ipandishwe mpaka juu ya kiwiko, ndipo kichwa, mwisho mkono wa kulia. Kuvua ni kinyume, mkono wa kulia hutoka kwanza. Dera ni nguo nzuri ya kuanzia kwa kuwa ni pana na haina vifungo. Lakini simwambii mtu avae kwa nusu saa kila siku. Siku mnayowahi kliniki, mvisheni. Nguvu za mgonjwa wa kiharusi ni chache, na akizimalizia kwenye nguo, hatabaki na za kutembea hadi sebuleni. Chagueni na mtaalamu shughuli moja au mbili ambazo mama atazifanya mwenyewe mwanzo hadi mwisho, zilizobaki msaidieni. Kama ni mtu wa swala, udhu akiwa ameketi kitini unafaa sana, kwa sababu utaratibu wenyewe unaudai mkono wa kushoto, hauwezi kurukwa.

Majirani nao wasikuumize roho. Kwao kumhudumia mgonjwa kwa kila kitu ndiyo heshima, na wanayosema yanatoka kwenye upendo. Waambie daktari ndiye aliyeagiza mama afanye kazi ndogondogo. Neno daktari lina uzito barazani kuliko maelezo yangu yote haya.

Kuhusu mchuaji, sitakwambia ni haramu. Kumpaka mafuta mkono na mguu taratibu, kwa mikono laini, kunamburudisha mgonjwa, kunampa usingizi, na kumgusa upande anaousahau kuna faida yake. Fanya wewe mwenyewe, bure, jioni. Ninachokihofia ni mambo matatu, na mengi nimeyakuta majumbani. La kwanza ni bega. Mfupa wa juu wa mkono umening'inia kwenye bakuli dogo la bega, na kinachoushikilia hasa ni misuli. Misuli ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unauvuta chini. Mtu akija kuuvuta au kuuzungusha kwa nguvu ili "ukae sawa", tishu zinachanika, bega linaanza kuuma, na mgonjwa mwenye bega linalouma hataki tena mkono uguswe. Miezi ya kupona inapotea hapo. La pili ni moto: ngozi ya upande huo mara nyingi haisikii vizuri, na kitambaa cha maji ya moto kinaweza kuunguza bila mgonjwa kulalamika. La tatu ni damu kuganda kwenye mshipa wa mguu uliokaa bila kutembea. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto, likauma, msilichue hata kidogo, nendeni hospitali siku hiyohiyo, maana pande la damu linaweza kunyofoka likaenda mapafuni. Na huo mpira wa kubinya unaouzwa kwa ajili ya kiharusi, kama mmenunua, wapeni watoto. Kazi ngumu ya mkono wa kiharusi ni kufunguka, siyo kufumba.

Hilo la bega linanipeleka kwenye jinsi mnavyomsimamisha, ambalo hukulieleza. Kama mnamshika kwapani na kumwinua, acheni leo. Mfungeni kanga kiunoni, iwe imara. Mvute kwanza hadi makalio yafike ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikae chini, zirudi nyuma kidogo ya magoti. Wewe simama upande wake wa kushoto, goti lako likiwa karibu na goti lake dhaifu lisije likakunjika, shika kanga kiunoni. Mwambie ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume. Watu hushangaa, maana wanamwinamisha mgonjwa nyuma na kumvuta juu. Mwili hausimami bila kichwa kwenda mbele. Mwambieni mtaalamu awasimamie mkijaribu mara ya kwanza.

Ndiyo maana siku ya kwanza alipima kitanda. Vitanda vyetu vingi vya mbao vina matendegu marefu. Miguu ikining'inia, hakuna namna ya kusimama kwa nguvu zako mwenyewe. Mlango aliupima ili ajue kama kiti cha magurudumu au watu wawili sambamba wanapita. Choo aliuliza kwa sababu mgonjwa hawezi kuchuchumaa kwa mguu mmoja, na kwa sababu wengi huanguka usiku wakienda huko. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinaonekana rahisi, ila hupasuka na huteleza kwenye sakafu yenye maji. Seremala akitengeneza cha mbao chenye mikono miwili na miguu iliyotanuka, urefu ukitoka kwenye kipimo cha nyuma ya goti la mama hadi chini ukaongezwa kidogo, kitatumika miaka. Swali la kuoga najua liliwatia haya, hasa likiulizwa na kijana wa kiume. Anahitaji kujua, hahitaji kuona. Mama anaweza kufanya zoezi la kukaa na kuinuka kwenye kiti cha kuogea akiwa amevaa nguo zake kamili, wewe ukiwa humo ndani. Na akitaka mtaalamu mwanamke, hiyo ni haki yake, ombeni bila kuona vibaya.

Kazi hii ya kufuata mgonjwa nyumbani imefanyiwa utafiti wa kutosha. Uingereza, eneo la Nottingham, wagonjwa 185 wa kiharusi ambao hawakulazwa walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Nusu yao walitembelewa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo hadi miezi mitano. Kwenye mwezi wa sita walikuwa wanajitegemea zaidi, na wanaowauguza hawakuwa wamelemewa kama wenzao. Lakini nikupe na upande wa pili. India, kwenye hospitali 14, wagonjwa 1,250 walishirikishwa katika jaribio la kuifundisha familia itoe tiba yenyewe nyumbani. Matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti katika vifo wala katika utegemezi. Kwa hiyo mkiniambia mtaalamu aje mara mbili awafundishe, kisha mtaendelea wenyewe, sitawapinga kwa kuwa najua pesa ilivyo, ila nitasema haitoshi. Bora kumpangia aje mara moja kwa wiki kwa sasa, miezi hii ya mwanzo ambayo nafuu huwa ya haraka zaidi, halafu mtawanye ziara zake, kuliko kumaliza pesa yote ndani ya wiki tatu. Nafuu haikomi baada ya miezi sita kama watu wanavyosema, hupungua kasi tu.

Huyo kijana nampa alama nzuri kwa haya uliyoandika. Hata hivyo mna haki ya kumhoji. Mwulizeni amesomea wapi (KCMC, hospitali kubwa kule Moshi, wanafundisha taaluma hii) na mwone cheti chake. Mwulizeni lengo la wiki nne zijazo ni lipi, na aseme kitu kinachoonekana, kama vile mama kwenda chooni akishikwa na mtu mmoja. Mwombeni pia ampime kwa kipimo cha Barthel, kinachotumika tangu mwaka 1965: shughuli kumi za kila siku, alama kutoka sifuri hadi mia moja. Akirudia baada ya mwezi mtakuwa na namba ya kumwonyesha kaka. Zikipita wiki sita anachambulisha mchele uleule, hakuna lengo wala kipimo, hapo nami nitasema tafuteni mwingine. Idara ya utengamao, yaani ya kurejesha uwezo wa wagonjwa, ya hospitali ya rufaa ndiyo pa kuanzia kuuliza.

Wakati mkisubiri ziara, kaeni kushoto kwa mama mnapozungumza naye, na mguseni mkono huo kabla ya kusema. Maji, simu na chochote cha kuitia msaada viwekeni kulia, anapopaona; mazoezi yasiingie kwenye usalama wake. Dawa za presha zisikatwe kwa sababu anajisikia vizuri, kwani kiharusi cha pili huja hivyo. Akikohoa kila anywapo maji, au sauti ikawa kama ina maji kooni baada ya kula, mketisheni wima na mmpeleke akachunguzwe umezaji kabla chakula hakijaingia mapafuni. Tazameni matako na visigino kila siku mkimwogesha. Wekundu usioondoka ni mwanzo wa kidonda. Uso ukipinda upya, maneno yakipotea, au udhaifu ukaongezeka ghafla, hiyo ni dharura, tafuteni gari wakati huohuo. Na kama kweli atakuwa hapati usingizi, analia, hataki watu, hata baada ya kujua siri ya nusu sahani, mwambieni daktari. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona, na ina matibabu yake.

Kaka yako asilaumiwe. Yuko mbali, analipa, na picha anayotumiwa ni ya mama yake akichambua mchele. Siku ya ziara ijayo mpigieni simu ya video, kama mama ameridhia, mtaalamu amweleze mwenyewe na amwonyeshe ile sahani ikizungushwa. Halafu mwombe hela aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya mchuaji iende kwa seremala kwanza: apunguze matendegu ya kitanda kwa kipimo alichokichukua kijana, na atengeneze kiti cha choo.